Hapana ya Maandishi: Miaka 40 ya Baraza la Mazingira

Mwaka 1983 Watanzania walikuwa wanapanga foleni ya sukari, sabuni na khanga. Vita vya Kagera vilikuwa vimeacha hazina ya Taifa tupu, dawa zilikuwa adimu hospitalini, na tangu Machi mwaka huo Serikali, huku Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilikuwa katika msako mkubwa wa wahujumu uchumi. Katika mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria Na. 19, iliyounda chombo cha kuishauri Serikali kuhusu udongo, maji, misitu, wanyama na hewa ya nchi hii. Chombo hicho ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Wengi tunalijua kwa herufi zake nne, NEMC.

Wakati ule ungeruhusu kabisa jambo hili liahirishwe. Nani angelaumu? Nchi isiyo na sabuni ya kutosha ina haki ya kusema kwamba mambo ya vyura na mikoko yasubiri. Lakini hayakusubiri. Kenya ilikuwa na sekretarieti yake ya mazingira tangu 1974, ila sheria yake kamili ya mazingira ilikuja 1999, na ile ya Uganda 1995. Tanzania ilikuwa na baraza lililoundwa kwa sheria miaka zaidi ya kumi kabla ya hapo, na ninaamini historia ya baraza hilo haijapewa uzito unaolingana na mambo liliyoyasimamia. Hasa historia ya miaka yake 20 ya kwanza, ambapo halikuwa na mamlaka ya kumzuia mtu yeyote kufanya chochote.

Ili kuelewa kwa nini ushauri ulikuwa jambo jipya, lazima turudi nyuma kidogo. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, hifadhi ya mazingira katika nchi hii ilikuja kama amri. Waluguru wanalijua hilo vizuri kuliko watu wengi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta kwenye miteremko ya milima yao ili kuzuia mmomonyoko, kazi nzito iliyowaangukia zaidi wanawake, na kwenye udongo ambao sehemu nyingi haukufaa kwa matuta ya namna ile. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa. Mpango wenyewe ukafa. Wazee wa Uluguru walikuwa wamejifunza hifadhi kwa njia mbaya kabisa, na kwa muda mrefu baadaye afisa yeyote aliyepanda mlimani na maneno ya kuhifadhi udongo alipokelewa kwa kumbukumbu hiyo.

Baada ya Uhuru amri haikuisha, ila ilibadili sura. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Kondoa ilikuwa imechimbika makorongo ambayo nyumba ingeweza kuzama ndani yake, na mwaka 1979 Serikali iliondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika. Majani yalirudi, na miti ikarudi. Yeyote aliyeona picha za zamani za vilima vile na kisha akavipita baadaye hawezi kubisha kwamba ardhi ilipona. Lakini familia ziliamka siku moja bila ng'ombe, bila maziwa ya watoto, bila samadi ya shamba, na uamuzi huo haukupita mbele ya chombo chochote ambacho kazi yake ingekuwa kuuliza: je, kuna njia nyingine? Gharama hii inabebwa na nani? Nafasi hiyo ilikuwa tupu katika Serikali yetu. Sheria ya 1983 iliweka mtu wa kuijaza.

Ukiisoma sheria ile leo, unaona jinsi majukumu yalivyokuwa mapana na madaraka yalivyokuwa membamba. Baraza lilitakiwa kuishauri Serikali kwa mambo yote ya mazingira, kupendekeza sera, kuratibu idara ambazo kila moja ilikuwa na bwana wake, kuhimiza utafiti, kuelimisha wananchi na kupendekeza viwango vya uchafuzi. Hakuna mahali palipolipa uwezo wa kufunga kiwanda, kutoza faini au kusimamisha mradi. Hata tathmini ya athari kwa mazingira haikuwa takwa la sheria hiyo. Mwekezaji aliyeleta ripoti kwa Baraza katika miaka ya 1990 mara nyingi alifanya hivyo kwa sababu mfadhili wake alidai, au kwa sababu wizara fulani iliona ni busara. Baraza lenyewe liliandaa rasimu ya miongozo ya tathmini kabla sheria haijasema neno juu yake.

Basi aliyekubali kuketi kwenye chombo hiki alikubali kazi ya aina gani? Kwanza ni kusoma. Makabrasha ya kikao huja mazito, na ripoti ya mradi mmoja wa bwawa au mgodi inaweza kujaa juzuu kadhaa: michoro, majedwali, orodha za mimea kwa Kilatini, kisha mahali fulani katikati ya ukurasa, sentensi moja inayosema kijiji kitahamishwa. Mjumbe mwema ni yule aliyeiona sentensi hiyo kabla ya kikao. Anayesoma muhtasari wa mbele tu husaini mahudhurio, hunywa chai, huitikia hoja, na akirudi nyumbani hajaisaidia nchi yake kwa lolote.

Kazi ya pili haionekani kabisa kwa nje. Uchambuzi wa kitaalamu hufanywa na watumishi na kamati za wataalamu: mtu wa misitu, mtu wa samaki, mhandisi wa maji, mwanasheria, mchumi. Hao ndio wanaoandika kwamba mradi huu haufai. Na mtaalamu anayeandika hivyo ni mtumishi wa umma mwenye mshahara, mkuu wa kazi, na watoto shuleni. Simu zitapigwa. Ataulizwa kwa upole kama hakuna namna ya kulegeza maneno. Hapo ndipo bodi inapopimwa. Mwenyekiti anayeteuliwa na Rais na wajumbe wanaoteuliwa na Waziri wana umri, majina na nafasi ambazo yule mtaalamu hana, na kwa maoni yangu sababu kubwa ya wao kuwepo ni kusimama kati ya simu hizo na kalamu yake. Bajeti, ajira, mpango mkakati, yote hayo ni muhimu na yote yanaweza kufanywa na mameneja. Kumlinda mtu aliyeandika ukweli usiopendwa hakuwezi kufanywa na meneja peke yake.

Na hili lilijaribiwa vikali katika delta ya Rufiji.

Wasioijua delta waifikirie hivi: mto mkubwa kuliko yote nchini unafika pwani na kugawanyika mikono mingi, na kati ya mikono hiyo umejaa msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko mwingine wowote wa aina yake uliokaa pamoja Afrika Mashariki. Kuna mkoko wenyewe, kuna mkandaa, msinzi, mchu, mkomafi, mlilana. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti kutoka huku hadi Zanzibar, Uarabuni na Ghuba, na nyumba nyingi za mawe za miji ile zimeezekwa kwa miti ya Rufiji. Watu wa delta hulima mpunga kwenye udongo unaoletwa na mafuriko, huvua, hukata miti kwa kiasi, hurina asali. Na kati ya mizizi ya mikoko hukua kamba, kiasi kwamba sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa kwenye maji ya Tanzania hutoka mbele ya delta hii. Kisiwa cha Mafia kiko ng'ambo tu ya mkondo.

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni iitwayo African Fishing Company ilipendekeza kufuga kamba humo. Mabwawa yangechukua karibu hekta 10,000. Mtaji uliotajwa ulikuwa dola za Marekani milioni 192, na ajira zilizoahidiwa zilikuwa maelfu. Ungekuwa mradi mkubwa kuliko wowote wa aina yake duniani, kwa maneno ya waliokuwa wakiutetea, na ulikuja wakati nchi inabinafsisha mashirika, inahesabu kila dola ya kigeni, na kila mkoa unaomba mwekezaji. Ni rahisi leo kuwalaumu waliouunga mkono. Wengi wao waliona barabara, umeme, ajira na kodi katika wilaya iliyokuwa imesahauliwa, na nia hiyo haikuwa mbaya.

Baraza liliunda kamati ya wataalamu kuichambua ripoti ya athari. Hoja zilizokuwa mezani hazikuwa za kubuni. Thailand na Ecuador zilikuwa zimeshaona mikoko yao ikifyekwa kwa ajili ya mabwawa ya kamba, na mabwawa mengi kati ya hayo yalitelekezwa baada ya miaka michache kwa sababu ya magonjwa na udongo uliogeuka tindikali. Udongo wa chini ya mikoko una madini ya salfa. Ukichimbuliwa na kuguswa na hewa, hutoa asidi inayoua kila kilichomo majini. Kulikuwa na swali la maji machafu ya mabwawa kurudi mtoni, swali la vijiji vilivyokuwemo ndani ya eneo, na swali la kamba wa asili ambao wavuvi wadogo waliwategemea. Ushauri uliotoka ulikuwa kwamba mradi usikubaliwe.

Mwishoni mwa 1997 Serikali iliukubali.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu wanaoandika historia ya taasisi mara nyingi huliruka tukio kama hili, au huliweka kwenye sura ya changamoto. Mimi ningeliweka kwenye ukurasa wa kwanza. Chombo kichanga, kisicho na nguvu ya kisheria, kinachotegemea bajeti ya Serikali ileile, kilipewa mradi uliokuwa na marafiki wakubwa, kikasema hapana, na kikaiandika hapana hiyo kwa sababu zinazoweza kusomwa na kupimwa na yeyote. Kilishindwa siku ile. Lakini maandishi yalibaki, na maandishi yakaanza kufanya kazi nje ya ofisi yalikoandikwa. Waandishi wa habari za mazingira waliyatumia. Wanasheria wa mazingira waliyatumia. Wanakijiji wa delta, watu ambao safari yao hadi Dar es Salaam ilianza kwa mtumbwi, walifungua kesi Mahakama Kuu, na hawakwenda na malalamiko matupu. Walikwenda wakijua kwamba wataalamu wa Serikali yenyewe walikuwa wamesema kile walichokuwa wanakisema wao. Kesi na kelele za umma zilichukua muda, fedha za mradi zikakosekana, na mabwawa yale hayakuchimbwa. Mwaka 2004 delta hiyohiyo, pamoja na Mafia na Kilwa, iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Je, ni Baraza lililoiokoa delta? Haki ni kusema kwamba waliokuwa mbele ni wanakijiji. Wao ndio waliosafiri, waliochanga, walioitwa wapinga maendeleo. Lakini mtu anayekwenda mahakamani dhidi ya uamuzi wa Serikali anahitaji kitu cha kushika mkononi, na kitu hicho kiliandikwa na watumishi wa umma waliokuwa na kila sababu ya kuandika maneno laini zaidi.

Mambo ya Kihansi yalikwenda kwa njia tofauti, na yanauma zaidi.

Mto Kihansi unaporomoka kutoka nyanda za Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero, na kwenye korongo chini ya maporomoko kulikuwa na ukungu wa maji usiokatika mchana wala usiku. Tathmini ya awali ya mradi wa umeme wa Kihansi haikuliangalia korongo hilo kama lilivyostahili. Ujenzi ulikuwa umeshaanza pale wanasayansi, miongoni mwao Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipowakuta mwaka 1996 vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, wasiozidi urefu wa kiungo cha kidole, ambao hawatagi mayai bali huzaa watoto waliokwisha umbika. Hawajulikani kuwepo mahali pengine popote duniani. Makazi yao yote yalikuwa hekta chache zilizolowa ukungu.

Mitambo ya megawati 180 ilianza kazi kamili mwaka 2000, na maji yaliyokuwa yakipita kwenye maporomoko yalipungua kwa karibu asilimia 90. Ukungu ukatoweka. Hapa hapakuwa na wema upande mmoja na ubaya upande mwingine. Nchi ilikuwa na mgawo wa umeme, hospitali zilikuwa zinazimika taa, na Kihansi ilikuwa mkombozi. Mashauriano yaliyofuata, ambayo NEMC iliwekwa katikati yake kupitia mradi wa kusimamia mazingira ya Kihansi ya chini, yalihusu swali gumu kabisa ambalo mjumbe wa chombo cha ushauri anaweza kuulizwa: maji kiasi gani yaachwe kwa ajili ya chura, wakati kila lita inayoachwa ni umeme usiozalishwa?

Jibu lilikuwa mchanganyiko wa mambo. Kiasi kidogo cha maji kiliachiwa kipite. Mabomba yaliwekwa korongoni ya kunyunyiza maji kwa nguvu ya mteremko wenyewe, ili kuiga ukungu uliopotea. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walichukuliwa kupelekwa Marekani, na bustani za wanyama za Bronx na Toledo ndizo zilizokuja kuwahifadhi. Kwa muda ilionekana hatua hizo zingetosha; kufikia kati ya 2003 idadi ya vyura korongoni ilikadiriwa kuwa kama 20,000. Kisha katika miezi michache wakatoweka karibu wote. Ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani kote ulikutwa pale, na wataalamu bado wanajadili uzito wa sababu nyingine. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili.

Na bado wataalamu hawakukata tamaa. Vyura waliozaliwa Marekani walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, wakatunzwa chuo kikuu, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni. Ni mara chache sana duniani mnyama wa jamii ya chura amewahi kutangazwa kupotea porini kisha akarudishwa alikotoka. Kwa upande wa taasisi, Kihansi iliacha funzo la kazi ambalo kila mjumbe wa bodi aliyefuata ameshinda nalo: swali la msingi linapaswa kuulizwa kabla zege halijamwagwa. Ushauri unaokuja baada ya hapo unaweza kuwa wa busara na wa kishujaa, lakini bei yake ni mabomba, ndege na miaka kumi ya kazi ya maabara kwa ajili ya kitu ambacho mto ulikuwa unakifanya bure.

Rufiji na Kihansi ziliifanya nchi ione pengo. Sera ya Taifa ya Mazingira ya 1997 ilikuwa imeshataja matatizo sita makubwa, kuanzia uharibifu wa ardhi hadi kutoweka kwa misitu. Mwaka 2004 ilikuja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20, iliyoanza kutumika 1 Julai 2005, wakati Baraza likiongozwa na Dkt. Magnus Ngoile, mwanasayansi wa bahari. Sheria hiyo ilifanya tathmini ya athari kuwa lazima kwa miradi mikubwa. Ililipa Baraza wakaguzi, uwezo wa kutoza faini na kutoa amri ya kusimamisha shughuli. Iliweka pia mstari ambao sasa hata fundi ujenzi wa mtaani anaujua, wa mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa, bwawa au bahari.

Lakini angalia jambo moja ambalo wengi hawalijui. Katika sheria hiyo mpya, cheti cha mazingira kilipaswa kutolewa na Waziri. Baraza lingepitia ripoti, lingefanya ukaguzi wa eneo, lingesikiliza wananchi, kisha lingependekeza. Kwa hiyo katika maamuzi mazito kabisa, yale ya migodi, mabwawa na viwanda vya mabilioni, NEMC iliendelea kuwa mshauri. Meno yalikuja kwa mambo madogo na ya kati. Kwa makubwa, silaha ilibaki ileile ya 1997, ushauri wa maandishi.

Ilitumika tena Ziwa Natron. Mpango wa kuzalisha tani 500,000 za magadi soda kwa mwaka, kwa ubia wa kampuni ya Tata Chemicals na Shirika la Maendeleo la Taifa, ulifika mezani 2007. Natron ndiko wanakozaliwa heroe wadogo karibu wote wa Afrika Mashariki, na kwa makadirio yanayokubalika, robo tatu ya heroe wadogo wote wa dunia. Ripoti ya athari haikuwashawishi wataalamu, ikahitajika kazi upya, na mwaka 2008 mwekezaji alijitoa. Mara nyingi mafanikio ya chombo cha ushauri huonekana kama kutotokea kwa jambo, na ndiyo maana hayapati picha magazetini.

Kilichopata picha ni kingine. Desemba 2015 nyumba zilivunjwa bonde la Msimbazi, na Januari 2016 alama nyekundu za X zikachorwa kwenye kuta za nyumba nyingine, nyingi zikiwa na herufi za NEMC. Kwa mamilioni ya watu wa Dar es Salaam, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukutana na Baraza: rangi nyekundu ukutani kwa bibi aliyejenga kwa mkopo wa kikundi. Bonde lile ni hatari, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na sheria ilikuwa upande wa wakaguzi. Hata hivyo ninasema kwa moyo wangu wote kwamba kipindi kile kiliirudisha hifadhi kule kwenye matuta ya Uluguru, kwenye amri inayoshuka kutoka juu kwa mtu asiyeulizwa. Watu walikuwa wamejenga mbele ya macho ya mamlaka kwa miongo, wengine wakiwa wameunganishiwa maji na umeme. Chombo kilichozaliwa kuuliza kama kuna njia nyingine kilipaswa kuwa cha kwanza kuliuliza swali hilo katika mitaa ya bonde lile, kama Mkwajuni.

Na ukitaka kuona amri inayofuata ushauri ikifanya kazi vizuri, tazama mifuko ya rambo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza 1 Juni 2019 baada ya miaka mingi ya kuzungumzwa, wananchi wakatangaziwa, viwanja vya ndege vikaweka matangazo, wachuuzi wakapewa nafasi ya kuleta mifuko mbadala. Wakaguzi walipoingia sokoni tayari mama muuza nyanya alikuwa anajua kwa nini. Bado mifuko laini inajipenyeza, lakini mitaro ya Dar es Salaam na Mwanza ya sasa na ile ya 2018 haifanani.

Sasa Baraza limevuka miaka 40, na Mto Rufiji umerudi mezani. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawasha umeme Februari 2024, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Ni mradi ambao Taifa limeuota tangu enzi za Mwalimu, na umeme wake tayari uko majumbani. Lakini chini ya bwawa, delta ileile inategemea tope linalobebwa na mto na maji matamu yanayosukuma chumvi irudi baharini. Bwawa hushika tope. Mwezi Aprili 2024 mvua kubwa zilijaza mashamba ya Rufiji na Kibiti maji, na wakulima wengi wa mpunga wakauliza maji yanaachiwaje, lini, na nani anawaambia. Haya ni maswali ya kupimwa kwa vyombo, mwaka hadi mwaka: kiasi cha tope, chumvi kwenye visima vya kijiji cha Nyamisati deltani, kamba kwenye nyavu, mikoko inayoota na inayokufa. Bodi ya sasa ina uwezo wa kuagiza vipimo hivyo vifanywe na kutangazwa.

Nina ombi moja kwa wajumbe wake. Ushauri ulioandikwa kati ya 1983 na 2004, enzi ile Baraza halikuwa na nguvu ila hoja, uwekwe mahali ambapo mwananchi na mtafiti wanaweza kuusoma: ripoti za kamati za wataalamu, mihtasari ya vikao, barua zilizokwenda wizarani na majibu yaliyorudi. Waanze na jalada la Rufiji la 1997. Afisa kijana atakayepewa kesho ripoti ya mradi wa delta ana haki ya kujua wenzake waliotangulia walipima nini, waliogopa nini, na waliandika nini walipotakiwa kuandika vingine.